Dawa Mbili za Ugonjwa Mmoja

Kibiti
2 Julai 2025

Mdogo wangu Rukaya,

Assalaam alaikum. Mimi mzima, mjukuu wangu Muzdalifa mzima na cherehani yake, na yule mbuzi wa jirani aliyekula mchicha wangu naye mzima, kwa bahati mbaya. Wasiwasi wote ni kwako.

Tangu tumzike shemeji Amri nami nikapanda boti kurudi huku, sijapata neno lako. Najua simu huko Maparoni haishiki mpaka mtu akasimame gatini, na mjane aliye edani hasimami gatini. Basi tumerudi kwenye barua kama enzi za baba. Sufiani wa boti ameniapia kwamba hii ataitia mkononi mwako bila kuilowesha. Namjua Sufiani, ataikalia.

Sasa nisikilize. Siku ya hitima watu walikuwa wanakutazama machozi, mimi nilikuwa nakutazama miguu. Imevimba, Rukaya. Presha ilimchukua mama yetu, mimi ninayo, wewe unayo, na sasa imemchukua mumeo. Nawe umekubali wifi yako Siti akuweke kwenye mkeka kama gunia la mpunga linalongoja mnunuzi, hunyanyuki ila kwa swala na kwa haja. Eda miezi minne na siku kumi. Hayo ni ya Mungu, siyapingi. Lakini kukaa kama gunia ni sheria ya Siti, na Siti hakuteremshiwa kitabu.

Huku kila Jumanne asubuhi wazee wenye presha tunakutana kwenye uwanja wa zahanati. Anayetufundisha ni nesi mmoja, Salwa, binti kutoka Nyamwage, mdogo kuliko kitinda mimba wangu. Ungekuja ungecheka ukalia. Bi Mashavu amevaa raba za mjukuu wake, zile zinazowaka taa kisiginoni kila akikanyaga. Mzee Zaidi, ambaye ukimwomba akupishe njiani huona umemtusi, siku hizi ananyoosha mikono juu akiambiwa na mtoto wa kike, na anashusha akiambiwa. Nimewadharau wote, na nimewashinda wote.

Fanya hivi. Kaa kwenye kiti, si mkekani. Weka kiganja tumboni. Vuta pumzi kwa pua taratibu mpaka tumbo liinue kiganja, kisha itoe kwa mdomo polepole kuliko ulivyoivuta, kama unapoza uji wa moto. Usiibane. Ukishazoea, nyanyua visigino na kuvishusha ukiwa hapo hapo kitini. Kisha simama ukiwa umeshika meza, ukae, usimame tena, bila haraka. Ukiweza, tembea humo humo chumbani, mlango hadi dirisha, kwa mwendo ambao bado unaweza kuzungumza. Hakuna hata moja linalohitaji kutoka nje, wala kujipamba, wala kumwomba Siti ruhusa.

Nijibu. Na usinijibu kwa kuniambia kwamba ajali haina kinga.

Dada yako,
Mwanabibi


Maparoni
17 Julai 2025

Dada yangu Mwanabibi,

Waalaikum salaam warahmatullah. Huku tumshukuru Mungu. Mpunga umevunwa, wamevuna wengine, mimi nikiusikia ukipurwa uani kama mgeni. Siti ameniletea wali wa mpunga mpya, amepika vizuri, na hilo nalisema kwa kuwa wewe hutalisema. Barua ilifika kavu. Sufiani kaniambia kupitia pazia kwamba aliiweka kwenye kofia.

Nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliziba mdomo kwa kanga, maana huku mjane akicheka ni kesi. Dada, umekwenda mjini kwenda kufundishwa kupumua? Mimi nilijifunza siku niliyozaliwa na mkunga hakudai ada. Na hiyo miguu unayoisema imepanda dungu na kushuka dungu misimu yote nikiamia ndege wasile mpunga, imekanyaga tope mpaka mapajani, imebeba maji na kuni na watoto wa watu. Leo inyanyuliwe visigino kitini, kama mtoto anayengoja choo? Wazee wa Kibiti hamna jembe, hamna mtumbwi, mmebaki kurusha mikono asubuhi mkifukuza inzi, kisha mnakwenda nyumbani kujisifu.

Mimi napumzika. Mume wangu amekufa. Niache nipumzike.

Vidonge vyangu nameza kila asubuhi. Amri alikuwa akimeza siku kichwa kinapomuuma, kikipoa anaacha, anasema mwili wake anaujua mwenyewe. Mwisho wake niliuona kwa macho haya, wewe ulikuta ameshavishwa sanda. Kwa hiyo kwenye kidonge simsikilizi mtu.

Na wewe, vyako unameza? Barua nzima umetaja raba za Bi Mashavu, kidonge hukukitaja.

Mdogo wako,
Rukaya


Kibiti
30 Julai 2025

Mdogo wangu Rukaya mpanda madungu,

Salamu nyingi. Sote wazima. Muzdalifa amepata kazi ya kushona sare za harusi na sasa nyumba nzima imejaa vipande vya kitambaa cha rangi ya waridi, nakuta uzi hata kwenye mchuzi.

Nimesoma kashfa zako. Umeniambia habari za dungu. Lini? Mwaka huu hukupanda, mwaka jana ulimlipa mtu apande. Watu wa huko mna tabia moja: mtu akishawahi kulima ujanani, basi mpaka kaburini anadai yuko kazini. Kazi ya jana haishushi presha ya leo. Miguu uliyoisifu, ukiikalisha mpaka eda iishe, siku ya kutoka itakuuliza wewe nani.

Mimi nimepimwa. Salwa aliangalia kile kipimo, akaangalia tena, akacheka kwa furaha, akaniambia mbele ya wote kwamba nimeshuka vizuri. Mzee Zaidi alinuna. Salwa husema kila Jumanne kwamba mazoezi ni dawa. Maneno yake hayo, na yeye amesoma.

Hukusema lolote juu ya kichwa. Ulikuwa ukilalamika kichwa cha kisogoni, hasa asubuhi. Kimepona, au umeamua kunificha? Nakujua tangu ulipokuwa ukificha homa usinyimwe kwenda ngomani.

Ukianza, na utaanza kwa sababu utachoka kuhesabu boriti za paa, kumbuka jambo moja. Ukiona kizunguzungu, au kifua kinabana, au pumzi inakuishia, acha hapo hapo, kaa, mwite mtu. Hata huyo Siti.

Mengine uliyouliza tutaongea tukionana.

Dada yako mzima,
Mwanabibi


Maparoni
19 Agosti 2025

Dada yangu,

Assalaam alaikum. Nimechelewa kujibu na nina sababu, nawe ndiye sababu.

Nilianza. Usifurahi bado. Nilianza ili nikuandikie kwamba nimefanya na ni upuuzi. Kichwa cha kisogoni kilikuwapo, ndiyo, na mganga wa zahanati ya hapa alipokuja kunipima nyumbani hakupenda alichokiona, akaniongezea dozi, akaniuliza ninajishughulisha na nini mchana kutwa. Nikamwambia ninakaa. Akasema basi nisikae sana. Nikaona mmepanga.

Basi nikavuta kile kiti cha Amri, nikaweka kiganja tumboni, nikavuta, nikatoa polepole kama ulivyoagiza. Siku za mwanzo nilisikia usingizi tu. Baadaye nikasikia mabega yameshuka. Sikujua kama yalikuwa yamepanda. Nikaongeza visigino. Nikaongeza kutembea mlango hadi dirisha.

Sasa chumba changu na cha Siti vinatengwa na ukuta wa fito na udongo, na Siti ana masikio. Akasikia mjane anashusha pumzi. Ndefu, kisha nyingine, kisha nyingine. Huku kwetu unajua mtu akishusha pumzi namna ile ni mtu aliyetua mzigo. Siti akaenda kisimani akasema mke wa kaka yake anashukuru kaka yake kufa. Jioni ile nilisikia wanawake wakipita dirishani kwa kunyata ili wanisikie nikifurahi.

Nilipowajibu kwamba ni mazoezi ya presha, wakasema afadhali lingekuwa lile la kwanza. Mjane mzee anafanya mazoezi kwenye eda, hilo ni jini la mtu. Dada, miaka yote niliyokaa na Amri, nikimkanda miguu, nikimpikia samaki asiye na chumvi naye akienda kwa jirani kula wa chumvi, leo naambiwa nimepata raha. Nililia siku ile kuliko siku ya msiba.

Siti akamleta Shekhe Abdulswamadu na kikombe cha kombe, na ubani, na wanawake watano mashahidi. Shekhe akakaa upande wa pili wa pazia. Kombe nikanywa, sina ugomvi na maneno ya Mungu. Akaniambia nifanye hicho ninachofanya asikie. Nikafanya. Akaniambia nirudie, polepole zaidi. Nikarudia. Kisha akauliza: “Na kwa mtu ambaye presha yake inapanda akipanda mimbari, hii inafaa kabla au baada?”

Nikamwambia kabla na baada.

Siti akauliza hukumu. Shekhe akamwambia, “Eda imemkataza manukato na mapambo na kuolewa na kutembeatembea nje. Haikumkataza kuvuta pumzi. Asiyepumua ni marehemu, na huyo tumeshamzika.”

Wale mashahidi wakaondoka mmoja mmoja. Siti hajanisemesha tangu siku hiyo, lakini chakula analeta.

Kwa hiyo nimeshindwa kukuandikia kwamba ni upuuzi. Uvimbe wa miguu umepungua, kichwa asubuhi kimetulia. Umeshinda, jisifu. Ila niliuliza kitu na hukujibu. Unameza vidonge vyako?

Rukaya


Kibiti
27 Agosti 2025

Rukaya wangu mwenye jini la kupumua,

Salamu. Nimemsomea Muzdalifa barua yako, akakosea kushona kwa kucheka, bibi harusi wa watu atavaa mkono mmoja mrefu. Jumanne niliisimulia uwanjani, Salwa akacheka mpaka akakaa chini, na Mzee Zaidi akasema Shekhe Abdulswamadu ni mtu wa hekima. Amesema hivyo kwa kuwa naye ana presha ya mimbari, ijapokuwa hakuna aliyewahi kumwalika juu ya mimbari.

Siti mwambie kutoka kwangu kwamba mtu anayesikiliza pumzi za wenzake ukutani naye anahitaji mazoezi, aanze na ya ulimi, akiufunga. Hana mume, hana shamba lake, ana kisima tu cha kusemea watu.

Sasa umeniuliza kidonge mara ya pili, kama polisi. Nitakujibu uache. Sijameza tangu Ramadhani ilipokaribia kwisha. Vilikuwa vikinipeleka chooni nusu ya usiku, na asubuhi kinywa kikavu kama chungu cha jana. Nilipoanza uwanjani nikaona nimepata nafuu, nikavilaza kabatini, na vimelala salama. Salwa mwenyewe anasema mazoezi ni dawa. Basi mimi nina dawa. Na mtu kutumia dawa mbili za ugonjwa mmoja ni ulafi.

Usinipe habari za Amri. Amri hakuwa na kidonge wala zoezi, alikuwa na ubishi tu. Mimi si Amri.

Dada yako,
Mwanabibi


Maparoni
4 Septemba 2025

Mwanabibi,

Assalaam alaikum. Nakusalimu kwa kuwa ni sunna, si kwa kuwa umestahili.

Maulidi yanasomwa nje, watoto wanaimba, na mimi niko ndani nakuandikia kwa hasira. Uliniita gunia. Nilikuwa gunia, lakini gunia lililomeza kidonge chake. Wewe umewacheka Mashavu, umemcheka Zaidi, umemcheka Siti, umemcheka mume wangu kaburini. Kumbe mwenye kuchekwa ni wewe, umesikia neno moja la nesi ukakimbia nalo nyumbani kama kuku aliyeokota punje, hukungoja la pili.

Muulize huyo Salwa. Mwambie kama ulivyoniambia mimi, kwamba vidonge vimelala kabatini. Umemwambia? Najua hukumwambia. Ungemwambia asingecheka kwa furaha mbele ya kipimo. Kama vinakupeleka chooni, mwambie daktari, watakubadilishia. Hutoi uamuzi wewe, kabati lako halikusomea udaktari.

Amri naye alisema hivyo hivyo, dada. “Mimi si fulani.”

Sina mtu mwingine wa tumbo la mama. Nimebaki na wewe, na ulimi wako. Meza leo.

Rukaya


Maparoni
22 Septemba 2025

Dada yangu,

Salaam. Sijapata jibu, na boti imekwenda na kurudi zaidi ya mara moja. Sufiani anasema alipofikisha barua yangu ya mwanzo wa mwezi Muzdalifa aliipokea akaiweka kifuani akaingia ndani haraka, na mara ya pili alikuta mlango umefungwa kwa kufuli.

Kama umenuna, niambie umenuna. Mimi na wewe tumenuniana mara nyingi, haijamuua mtu. Nitukane kwenye karatasi, nitaisoma kwa raha.

Nikikaa kwenye kile kiti, pumzi hainitoki vizuri. Navuta, halafu nakukumbuka, halafu naibana. Ulinionya nisiibane, nami nasahau.

Andika, hata mstari mmoja.

Rukaya


Kibiti
29 Septemba 2025

Mdogo wangu Rukaya,

Anayeandika ni Muzdalifa, mimi nasema. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinipambe.

Salamu. Siyo wazima wote.

Barua yako ya hasira ilinikuta sipo. Siku ya Maulidi yenyewe, asubuhi, nilikuwa nasuka ukili barazani, ukili ukaniponyoka. Nikauokota, ukaniponyoka. Nikataka kumwita Muzdalifa, mdomo ukaenda upande na jina likatoka kama la mtu mwingine. Mkono wa kulia ukaanguka pajani kama wa maiti. Mkono ule ule niliokuwa nikiunyoosha juu kuliko Zaidi.

Walinikimbiza hospitali kwa gari la jirani, yule mwenye mbuzi. Sitaweza tena kumsema mbuzi wake. Nilikaa wodini hadi juzi. Daktari alimuuliza Muzdalifa ninatumia dawa gani, Muzdalifa akaenda akafungua kabati, akarudi na vidonge vya miezi yote hiyo. Daktari alivitazama, akanitazama. Ningependa angenitukana.

Salwa alikuja kunitazama, akalia kitandani pangu. Alisema, “Bibi, nilisema mazoezi ni dawa, na nilisema kila wiki kwamba hayaondoi kidonge. Ulikuwa umeshaondoka.” Ni kweli. Akimaliza zoezi la mwisho mimi hushika njia, maneno ya mwisho huwa nawaachia akina Mashavu, wenye haja ya kuambiwa mara mbili.

(Hapa bibi amejitukana, sikuandika. M.)

Sasa mguu unaburuta, mkono haukunji ngumi. Wamenipa tambara la kufinya. Natakiwa nilifinye, niliachie, huku navuta pumzi kama nilivyokufundisha. Machozi hunitoka kwa hasira, Muzdalifa anadhani ni maumivu.

Usije. Eda yako haijaisha na sitaki kuwa sababu ya Siti kupata habari mpya ya kisimani. Halafu sitaki unione hivi.

Mwanabibi, kwa mkono wa Muzdalifa


Maparoni
8 Oktoba 2025

Dada yangu Mwanabibi,

Assalaam alaikum, na pole, na pole, na pole. Muzdalifa asome mara tatu hivyo hivyo.

Barua ilipofika nilisimama nikafunga mtandio nikatoka hadi mlango wa nje. Siti akanishika mkono. Nikamwambia aniache, dada yangu kapooza. Hakubishana. Alinirudisha ndani, akaenda kumwita Shekhe Abdulswamadu. Shekhe akasema kwa matibabu yangu mwenyewe ningeruhusiwa kutoka mchana na kurudi, ila kwenda kulala Kibiti kabla ya eda kwisha, hapana, na unajua mwenyewe kwa maji yetu haya hakuna kwenda Kibiti na kurudi siku moja. Alisema kwa huruma. Nilimkasirikia hata hivyo.

Nikakaa kwenye kiti cha Amri. Siti ndiye aliyeniambia, “Weka mkono tumboni, wifi. Vuta.” Alikuwa amezijua zote kwa kusikiliza ukutani. Akakaa chini kwenye mkeka akavuta na mimi mpaka nikatulia. Kisha, na magoti yake mabovu yale, akaenda gatini juani kumpigia simu Muzdalifa, akasimama huko mpaka salio likaisha, akarudi akanieleza kila neno, unakula nini, unatembeaje, mdomo umerudi kiasi gani. Alilia akieleza. Futa yale uliyoandika juu yake. Mimi nimeyafuta.

Sasa na mimi nikuseme. Mimi nilipokataa kupumua nilikuwa mjinga wa Maparoni, nilisamehewa. Wewe mjinga wa Kibiti, zahanati mlangoni, nesi anayekupenda, kidonge kabatini, na kiburi cha kuweza kugawia kata nzima, mpaka watu wa Ruaruke wapate, na kibaki. Ulinifundisha nusu ukaniokoa nayo, na nusu ya pili niliyokufundisha mimi ukaitemea mate. Nimekasirika sana, dada. Nikikuona nitakupiga, kisha nitakukumbatia, sijui kipi kitaanza.

Eda inaisha tarehe ishirini na moja. Siti na wenzake wataniogesha, watanivua hizi nyeupe, wamepanga pilau. Nimewaambia pilau wale wao. Sufiani ataniwekea nafasi kwenye boti ya kwanza ya kesho yake, na kutoka Nyamisati nitapanda gari lolote. Nakuja kukaa, si kutazama. Asubuhi tutameza vidonge wote wawili, mmoja mbele ya macho ya mwenzake, kisha mazoezi. Jumanne nitakupeleka uwanjani na hutaondoka mpaka Salwa amalize neno la mwisho.

Nataka vitu viwili tu. Siku hiyo uwe umemeza. Na nikifika nisikukute kitandani. Nikukute mlangoni, umesimama, hata kama umeshikilia ukuta.

Mdogo wako,
Rukaya


Kibiti
17 Oktoba 2025

Rukaya,

Hii naandika mwenyewe, kwa mkono ule ule. Imechukua asubuhi nzima, kwa hiyo salamu utazikuta mlangoni.

Nimemeza.

Nimesimama.

Raba za taa nimevaa mimi, Mashavu kaniazima, hazitelezi. Ukicheka, boti inarudi kesho yake.

Njoo.

M.